Baharia aliyepokewa kama mwana mpotevu: uchambuzi wa kisa kimoja cha kanisa Mombasa

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, viongozi wa ushirika wa nyumba na yeyote anayeshika kipaza sauti wakati wa matangazo. Wahusika wameridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Majina si yao, dhehebu silitaji, na mambo machache ambayo yangewatambulisha nimeyaondoa. Itoshe kusema kanisa liko upande wa Likoni, ni la zamani kiasi, na lina ibada mbili kila Jumapili. Baraza la wazee liliniita mambo yalipokuwa yamekwama, nikazungumza na kila upande kwa zamu yake.

Mhusika mkuu tumwite Baba Furaha.

## Kabla ya safari

Baba Furaha ni mtu wa miaka arobaini na kidogo. Kwa muda mrefu alikuwa mpishi katika hoteli za pwani ya kusini, kazi ya msimu: wageni wakijaa unaitwa, wakipungua unaambiwa kakae nyumbani, tutakupigia. Kanisani alikuwa mtu wa kutegemewa bila cheo chochote. Aliimba besi kwenye kwaya, alishika ufunguo wa kanisa, na Jumamosi jioni ndiye aliyepanga viti na kuangalia kama vipaza sauti vina betri. Mkewe, Mama Furaha, ni fundi wa nguo. Wana watoto wawili.

Hoteli zilipozidi kuyumba akafuata njia ambayo watu wengi wa Mombasa wameifuata miaka ya karibuni, ya meli za kitalii. Njia hiyo huanza na gharama, mshahara huja baadaye sana. Kuna mafunzo ya lazima ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Kuna kupimwa afya, kitabu cha baharia, viza, na nauli za kupanda Nairobi na kushuka. Alikopa kwenye chama cha akiba cha mkewe, akauza pikipiki, shemeji akaongezea. Siku anapanda ndege kuifuata meli, alikuwa na deni ambalo lingemla mshahara wa miezi minne au mitano ya mwanzo. Msomaji aliweke kichwani deni hilo, maana kanisani hakuna aliyelijua.

Wito ulikuja ghafla, kama kawaida ya kazi hiyo. Barua pepe Jumatatu jioni, safari Alhamisi. Hapakuwa na Jumapili katikati. Ufunguo wa kanisa aliuacha kwa jirani. Mama Furaha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la ushirika: "Baba Furaha amesafiri kikazi, tumkumbuke kwa maombi." Wakajibu amina, wengine wakaweka alama ya mikono iliyokunjwa, na kabla ya jioni mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye mchango wa mazishi ya mtu mwingine.

Wazee waliponisimulia kisa walianzia siku aliyorudi. Mimi naona kilianzia hapa.

## Miezi ya melini

Meli ilizunguka Mediterania, yeye akiwa jikoni. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 unadai baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Ukiigeuza hesabu hiyo utaona kwamba mtu anaweza kufanyishwa kazi saa 14 kwa siku moja na sheria isiwe imevunjwa. Jumapili kwenye meli yake ndiyo ilikuwa siku ya kushusha abiria na kupakia wapya, nzito kuliko siku zote za wiki.

Ibada yake ilikuwa usiku wa manane. Vyombo vya mwisho vikishaoshwa, watu wanane au kumi walikutana kwenye kona ya ukumbi wa kulia wa wafanyakazi. Aliyewaongoza alikuwa Mfilipino wa idara ya kufulia, Mkatoliki. Walikuwamo Waindonesia, Mtanzania Msabato, na Wakenya wawili. Walisoma mistari michache kwenye simu, kila mtu akaomba kwa lugha ya kwao, na baada ya nusu saa wakaenda kulala. Hakukuwa na sadaka, hakukuwa na matangazo, na suala la dhehebu halikupewa nafasi. Mtu alipomaliza kandarasi yake waliweka mikono mabegani mwake, wakamwombea, akashuka na begi lake, na huenda wasionane tena duniani.

Kuna siku ya pekee aliyoniambia habari zake mara mbili, siku mbili tofauti, bila mimi kuuliza. Meli ilitia nanga Valletta, Malta, naye akapewa saa tatu za kushuka. Alikuwa amesikia kwa wenzake kwamba Malta ndiyo Melita ya kwenye Matendo sura ya 28, kisiwa ambacho Paulo alifikishwa na meli iliyovunjika. Akapanda vilima vya mji huo kwa miguu hadi kwenye kanisa linaloitwa kwa jina la ajali ile, Kanisa la Mtakatifu Paulo wa Kuvunjikiwa na Meli. Ndani kulikuwa na vikongwe wachache tu. Kuna mfupa unaohifadhiwa pale, unaosemwa kuwa wa kifundo cha mkono wa Paulo. Huo aliupita haraka, si mambo ya dhehebu lake. Akakaa benchi la nyuma, akafungua simu, akasoma habari za watu 276 waliotoka majini wakitetemeka, wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi.

"Nilisoma hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili," aliniambia, "lakini nilikuwa naisoma kama mtu wa nchi kavu."

Akajiwekea neno moyoni: hili nikirudi nitalisimulia kanisani.

## Nyumbani wakati huo

Kuna mambo mawili yaliyotokea Likoni ambayo yeye hakuyajua, na yote mawili yalikuja kuwa na uzito.

La kwanza: mtoto mdogo alishikwa na homa usiku, akaanza degedege. Mama Furaha akampigia kiongozi wa ushirika, naye akamwamsha mzee mmoja mwenye gari la Probox. Walifika kivukoni kama saa nane za usiku. Feri hufanya kazi usiku kucha, lakini saa hizo unangoja, na walingoja karibu saa nzima, akina mama wawili wa ushirika wakiwa kiti cha nyuma, mmoja amempakata mtoto, mwingine akimpangusa kwa leso iliyolowekwa maji ya chupa. Wakavuka, wakafika hospitali, mzee akalipa ya kufungulia faili. Mtoto akapona. Mama Furaha alimwambia mumewe kwa simu kwamba mtoto aliumwa na sasa hajambo. Mengine akayanyamazia: amtie mtu hofu ya nini, naye yuko katikati ya maji?

La pili ni la zaka. Kanisani humo kila mshirika ana kadi yake na bahasha yenye nambari yake. Kila mwezi pesa zilipoingia, Mama Furaha alitoa zaka ya nyumba nzima kwa bahasha yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo mkononi. Kadi ya mumewe ikakaa tupu kwa miezi yote ya kandarasi.

## Jumapili ya kurudi na wiki zilizofuata

Alirudi wakati wa masika. Jumapili ya kwanza, ibada ya pili, kiongozi wa ibada alipomaliza kuwakaribisha wageni akasema kwa furaha ya kweli: "Na kuna mtu tuliyempoteza, naona leo amepatikana. Baba Furaha, simama tukuone! Karibu nyumbani, mwana mpotevu!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, kigelegele kikatoka upande wa akina mama. Akaambiwa asalimie kanisa. Akasema Bwana asifiwe, namshukuru Mungu nimerudi salama, akakaa.

Nje, chini ya mwarobaini, wakamzunguka. Umenona. Umetuletea nini? Meli yenu inaandika watu, nikupe karatasi za kijana wangu? Hao hawakuwa na ubaya wowote, na baadhi yao walimkumbatia kwa machozi. Ila hakuna aliyemuuliza safari ilikuwaje akangoja jibu.

Juma la pili akakabidhiwa kadi ya harambee ya paa la madarasa ya shule ya Jumapili. Jina lake lilikuwa limeshapigwa chapa kati ya wageni wa heshima, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu: 50,000. Juma la tatu mweka hazina akamtumia ujumbe kumkumbusha, kwa upole, zaka ya miezi iliyopita. Juma la nne akaenda mazoezi ya kwaya, akaambiwa kanuni ni kanuni: aliyekosa mazoezi kwa muda huo huanza upya, anakaa miezi mitatu bila kupanda jukwaani.

Baada ya hapo akawa mtu wa kiti cha mwisho karibu na mlango. Ibada ilianza saa nne ikatoka saa saba na nusu, na yeye aliyezoea kuomba nusu saa alikuwa akitoka matangazo yakianza. Kisha akakosa Jumapili moja, na nyingine. Mtu akamwona na watoto wake kwenye bustani ya Mama Ngina, ng'ambo ya feri, wakila mihogo ya kukaanga saa ambazo wenzake walikuwa kwenye mahubiri, na habari hiyo ilivuka feri kabla yake. Ikaanza kusemwa kwamba amepoa, kwamba huko melini wanakunywa, kwamba dola zimempanda kichwani.

## Uamuzi wa kwanza wa wazee, na kwa nini

Baraza lilikaa. Nimesoma kumbukumbu za kikao hicho na nimezungumza na waliokuwapo. Lililowasukuma lilikuwa hofu. Walikuwa wamepoteza familia mbili zilizohamia kanisa jipya la hema, na waliona hii ni ya tatu. Wakaamua wazee watatu wamtembelee "kumrudisha". Kati ya hao watatu alikuwamo yule mwenye Probox, ambaye kwa siri alikuwa na donge lake: miezi imepita tangu mwenye mtoto arudi, na asante haijasikika.

Waliandaliwa chai ya maziwa, mahamri na mbaazi. Msemaji akafungua kwa maombi, kisha akasema: "Ndugu yetu, tumekuja kwa upendo. Tumeona umerudi nyuma, tukasema tusikae kimya."

"Nimewasikia, wazee wangu," akajibu Baba Furaha.

Walingoja aendelee. Hakuendelea. Mzee mwingine, ili kuvunja ukimya, akasema: "Na ile kadi ya paa bado inakungoja, bwana." Mama Furaha aliniambia kwamba hapo alitamani sakafu impokee. Mumewe alisema atajitahidi, akawasindikiza hadi barabarani, akawapa mkono mmoja mmoja. Alipozaliwa mtoto wa jirani wiki ile, hakwenda hata kwenye maombi ya shukrani.

Walikwenda kwa nia njema, kwa desturi inayoeleweka: wazee huenda wakiwa zaidi ya mmoja, huenda na neno. Tatizo ni kwamba walikuwa wamekwisha kuamua ni mgonjwa wa nini kabla hawajamsikia.

## Ziara ya pili

Kwenye baraza hilo yumo mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za mizigo enzi hizo. Kikao kilichofuata alisema sentensi moja ambayo katibu hakuiandika, lakini kila aliyekuwapo anaikumbuka: "Mmemuuliza kila kitu isipokuwa safari." Akaomba aende peke yake.

Alikwenda asubuhi ya siku ya kazi, amevaa leso mbili kama anayekwenda sokoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja na baraza leo, nimekuja kukaa. Haya, nieleze. Mlikuwa mkilala wangapi chumba kimoja? Na chakula chenu nyinyi wapishi, mlikula hicho hicho cha wageni au mlipikiwa chenu?"

Maswali hayo aliyajua kwa sababu ndiyo aliyokuwa akimuuliza mumewe kila akishuka. Baba Furaha alizungumza mpaka adhana ya adhuhuri. Alizungumza habari za joto la jikoni, za Mfilipino wa kufulia, za mwenzao aliyefiwa na mama na hakuweza kushuka kwenda kuzika, za Melita. Alisema pia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba aliporudi kanisani aliona aibu kwa sababu ibada aliyoililia miezi yote ile sasa inamchosha, na hakujua kama ni imani yake imepungua au ni kitu kingine. Na alisema habari za deni.

Yule mama alimsikiliza, kisha naye akamsimulia jinsi yule mtoto mgonjwa alivyovushwa kivukoni usiku ule. Baba Furaha hakujua. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa mwenye Probox. Walichozungumza ni chao, ila mzee huyo ndiye baadaye aliyesimama barazani kudai kadi ya harambee irudishwe.

## Yaliyofuata

Mambo yakaenda haraka kidogo. Mama mzee alimwomba mweka hazina afungue daftari mbili, la mume na la mke, aziweke sambamba. Ikaonekana wazi kwamba bahasha ya Mama Furaha ilikuwa imepanda ghafla mwezi wa pili wa kandarasi na kubaki juu hadi mwisho. Zaka haikuwahi kukatika. Mweka hazina alikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na tangu hapo wanandoa wanaotaka huandikwa kwenye kadi moja.

Mchungaji aliamua mambo matatu. Kadi ya harambee ilifutwa, na kamati ya maendeleo ikakatazwa kuchapisha jina la mtu kabla ya kumuuliza. Pili, Baba Furaha asipewe ushuhuda kwenye ibada kuu. Wengi walishangaa, maana hiyo ndiyo heshima tuliyoizoea. Sababu yake ilikuwa kwamba ushuhuda wa dakika tano madhabahuni una umbo lake: nilikuwa pabaya, Bwana akanitoa, piga makofi. Mtu huyu hakuwa na habari ya aina hiyo. Badala yake akapewa jioni nzima ya ushirika wa wanaume siku ya Alhamisi, wakiwa wameketi kwenye duara. Tatu, mchungaji mwenyewe alikutana naye faragha mara kadhaa. Yaliyozungumzwa huko siyajui na sikuuliza.

Alhamisi hiyo watu walikuja wengi kuliko kawaida, nusu yao nadhani kwa ajili ya kusikia kazi zinapatikanaje. Aliwasimulia Melita. "Paulo alikuwa na watu mia mbili na sabini na sita melini, sisi wafanyakazi peke yetu tulizidi elfu," alisema, "na bado usiku unajiona uko peke yako." Mzee mmoja alitaka kujua habari za ule mfupa na mjadala ukapotelea huko kwa robo saa. Halafu kijana mmoja, ambaye hakuna aliyetarajia angesema neno, akaeleza kwamba dada yake yuko Saudi Arabia kwenye kazi za nyumbani, kwamba aliondoka usiku, na kwamba kanisani hakuna aliyewahi kumtaja kwa jina katika maombi.

Hapo kisa kikapanuka. Mama mzee akaanza kuandika orodha ya nyumba zenye mtu melini au Ghuba, na ikawa ndefu kuliko alivyodhani yeyote barazani. Kati yao walikuwamo mabinti walioondoka kwa kificho kwa sababu wazazi waliona haya.

Lililoshindwa moja kwa moja lilikuwa kamati. Baraza liliunda "Kamati ya Mabaharia na Wasafiri", ikiwa na mwenyekiti, katibu na muhuri, Baba Furaha akiwa mwenyekiti mteule. Alikataa kwa adabu: mwenyekiti gani asiyekuwapo miezi tisa kati ya kumi na miwili? Kamati ilikutana mara moja.

Kandarasi ya pili ilipokuja, wito ulikuwa wa ghafla vilevile, siku chache tu na zote za katikati ya juma. Safari hii ushirika wa nyumba haukungoja Jumapili. Walikwenda usiku wa kuamkia safari, watu saba hivi, wakasoma Zaburi, wakamwombea, wakaondoka kabla ya saa tatu ili afunge mizigo. Wakati naandika haya bado yuko baharini, na akina mama wa ushirika wanajua meli iko bandari gani.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa la mfano. Kanisa lilikuwa na hadithi moja tu ya mtu aliyeondoka akarudi, ya Luka 15, na likamvika nayo kila anayerudi. Yule kijana wa Luka alidai urithi, akaenda kuutapanya, akarudi kwa njaa. Baba Furaha aliondoka kwa baraka za mkewe ili kulisha watoto, na akatoa zaka kila mwezi. Ukimwita mpotevu, hata kwa mzaha, umeshampa nafasi ya kukaa: ya mtu anayepaswa kutubu. Na hata tukiukubali mfano huo, baba wa kwenye Luka alimvisha mwanawe vazi na pete, akachinja ndama. Hakumpa kadi ya mchango.

Iko hadithi nyingine inayofaa zaidi, nayo haisomwi sana madhabahuni. Katika Matendo 13 kanisa la Antiokia linafunga, linaomba, linawawekea mikono Barnaba na Paulo na kuwaacha waende. Mwisho wa sura ya 14 hao wawili wanarudi Antiokia kwa njia ya bahari, wanalikusanya kanisa, na wanaeleza yote ambayo Mungu aliyafanya pamoja nao. Kanisa lililowatuma ndilo lililokuwa na hamu ya kusikia. Kwa Baba Furaha hakukuwa na siku ya kutumwa, kwa hiyo hakuna aliyejiona ana haki wala wajibu wa kusikia habari. Kundi la watu kumi kwenye ukumbi wa kulia melini, wasiojuana ukoo, liliwaombea waliokuwa wakishuka; kanisa lenye miaka mingi na kengele yake halikuwa na desturi hiyo. Kwa mazishi tuna utaratibu hadi wa nani atabeba taji. Kwa anayekwenda kandarasi ya miezi tisa hatuna kitu.

Ni ajabu hasa kwa Mombasa. Freretown, makazi ya wamisionari hapa Mombasa, ilianzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kati ya walioijenga na kuifundisha, pale na Rabai, walikuwamo wale walioitwa Waafrika wa Bombay: watu waliochukuliwa wakiwa wadogo, wakakulia India, wakarudishwa pwani hii miaka ya 1860 na 1870 wakiwa na Kiingereza, ufundi na namna zao za kuabudu. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885. Ukristo wa mji huu umejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliorudi wakiwa wamebadilika. Kumshangaa mpishi aliyerudi akipenda maombi mafupi ni kusahau tulikotoka.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Wazee walipiga hesabu ya mshahara wa dola na hawakupiga hesabu ya mafunzo, viza, chama na shemeji. Baharia wa kandarasi ya kwanza mara nyingi hurudi akiwa amemaliza tu kulipa gharama za kumpeleka. Ile 50,000 ilikuwa nzito, na iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kumuuliza.

Suala la uchovu wa ibada ni gumu zaidi, na baraza lilitaka kuliruka. Wengine walisema amezoea njia ya mkato. Mimi simwoni hivyo. Alichokikosa ni kusikilizwa: melini kila mtu aliomba kwa sauti yake kila usiku, Likoni aliketi saa tatu na nusu bila kufungua kinywa, na mahali pekee ambapo sauti yake ilihitajika, kwenye besi, alifungiwa. Lakini upande wa pili nao una hoja. Ushirika wa melini ulikuwa mwepesi kwa sababu haukuwa na mtoto wa mtu wa kuvusha feri usiku. Matangazo yale yanayomchosha ndiyo yanayokusanya ya hospitali na ya jeneza, na huwezi kuwa na watu wa kuamka saa nane bila kuwa na watu wa kuvumilia dakika arobaini za matangazo. Hili Baba Furaha alilitambua mwenyewe baada ya kuisikia habari ya Probox. Sasa anahudhuria ibada ya kwanza, iliyo fupi, akiwa nchi kavu, na mchungaji ameliacha lilivyo.

Kilichofanya kazi kilikuwa kidogo na hakikuhitaji kikao: mtu mmoja mwenye kujua maisha ya baharini, maswali ya kawaida ya chakula na malazi, na asubuhi nzima. Naamini ziara ile ingefaulu hata kama yule mama asingetaja Mungu. Alimtaja, lakini mwisho, wakati wa kuondoka. Tahadhari yangu ni kwamba kazi hii yote sasa imemwangukia yeye, naye ana umri. Orodha iko kwenye daftari lake la kurasa za mistari, na nilipouliza nakala ya pili iko wapi, hakuna aliyejua.

## Ambalo halijaisha

Kanuni ya kwaya haijabadilika. Baba Furaha akishuka meli atakuta tena miezi mitatu ya kukaa chini, na kabla haijaisha huenda akawa ameitwa kandarasi nyingine. Kwa maneno mengine hataimba kamwe. Nilipendekeza baharia aruhusiwe kupanda jukwaani baada ya mazoezi mawili, kwa nyimbo anazozijua. Mwalimu wa kwaya amekataa, na hoja yake si ya kupuuzwa: ukimsamehe baharia, watu wa zamu za bandarini watadai hivyo hivyo, kisha wauguzi, kisha madereva wa malori ya Malaba, na kwenye mazoezi ya Jumatano atabaki na sauti ya kwanza peke yake. Jambo hilo limepangwa kwenda mkutano mkuu wa mwaka. Mwenye Probox amesema atalisimamia. Mwalimu wa kwaya amesema atalipinga.